Goti la Bwana Harusi

Waleikum salaam, ndugu zangu. Wazee wangu shikamooni, mama zangu shikamooni. Kaeni tu, msininyanyukie. Nami naomba ruhusa nikae, maana goti hili nikilisimamisha sana linalalamika, na leo nimekuja kulisema, si kulisikiliza.

Mwenyekiti wa timu ameniomba niwaeleze vijana wetu jinsi nilivyoanguka nikainuka. Wengi mnanijua tangu nacheza peku hapahapa Ndagoni. Nilikuwa beki wa kati. Si kujisifu, lakini mshambuliaji akija upande wangu alikuwa anasoma dua kwanza. Mnacheka? Waulizeni wapinzani wetu wa Miburani.

Timu moja ya Dar es Salaam ikanichukua. Msimu wa kwanza tu nikateguka kifundo cha mguu wa kushoto. Sikumwambia mtu. Ndugu zangu, nawaambia ukweli, beki anaogopa benchi kuliko maumivu. Ukikaa nje wiki mbili, namba yako ina mwenyewe. Basi nikawa nafunga bandeji ndani ya soksi, nameza vidonge vya maumivu, naingia kucheza. Watu wakanisifu: "Huyu chuma!" Nami nikakubali kuwa mimi chuma. Sasa chuma gani kinakunywa dawa asubuhi na jioni?

Mguu mbovu ukaulemea mzima. Msimu wa pili nikaruka kupiga mpira wa kichwa, nikatua vibaya, goti la kulia likalia ko! Ile kano inayolishika goti ilikuwa imekatika. Klabu, Mungu awalipe, wakanipeleka nikafanyiwa upasuaji. Daktari akasema miezi tisa nisiguse mpira. Nikarudi nyumbani kupumzika, na katika kupumzika huko nikaoa.

Sasa sikilizeni kosa langu. Mnaijua mila yetu ya Idi Mosi, waliooa wanacheza na makapera, na bwana harusi mpya sharti aingie uwanjani. Asipoingia, makapera wanamhesabu bado mwenzao mpaka Idi nyingine. Mimi nilikuwa na miezi mitano tangu upasuaji. Nilikwenda kutazama, nimevaa kanzu, udi umenikolea. Wakaanza: "Bwana harusi kapewa ruhusa ya kutazama tu! Muulizeni mkewe kama anaweza kukimbia!"

Mke wangu alikuwa pale na wenzake. Akaja akanishika mkono. "Waache waseme. Watachoka."

Sikumsikia. Nikavua kanzu, nikaazima bukta.

Dakika ya saba, hata jasho halijanitoka! Wala hakuna aliyenigusa. Niligeuka kumfuata mtu, mwili ukaenda, goti likabaki palepale. Makapera walionizomea ndio walionibeba.

Klabu wakapiga simu kuniulizia hali. Nikawaambia nimeteleza kisimani. Hebu fikirini, mtu na goti la upasuaji, eti kaenda kuteka maji! Hawakubishana nami. Mkataba ulipokwisha, hawakuniita tena.

Hapo ndipo nilipoanguka kweli. Miezi nikawa mtu wa barazani. Mke wangu anarudi kutoka kuvuna mwani baharini, chumvi imemkaukia miguuni, na mimba ya mtoto wetu wa kwanza tumboni, ananikuta sijajipakulia hata wali. Akiniuliza goti linaendeleaje, namfokea. Siku moja nikamwambia aliolewa na mchezaji, mchezaji mwenyewe hayupo tena, akitaka arudi kwao. Maneno hayo nayajutia mpaka leo. Akafunga nguo zake, akaenda.

Siku ya tatu akaja mama mkwe. Mnajua wenyewe heshima ya mkwe. Hakuingia ndani. Alisimama mlangoni, kajitanda kanga, anaangalia nje huku anasema na mimi.

"Mkwe, mwanangu sikumwozesha goti. Nilimwozesha mtu. Huyo mtu yuko wapi?"

Nikalia, jamani. Nikasema, "Mama, linauma." Basi. Tangu nianze mpira sikuwahi kulitamka neno hilo mbele ya mtu.

Akasema, "Kumbe mdomo unao. Kesho maji yakipwa, njoo pwani."

Mtaalamu wa mazoezi ya viungo wa klabu alikuwa ameniambia baada ya upasuaji nitembee ndani ya maji ya kiunoni kila siku. Nilikataa kwa sababu saa zile pwani ni ya akina mama wa mwani, nikaona haya. Kesho yake nikaenda. Walivyonicheka! "Tumepata mwali mpya, mnaliona paja lake?" Mama mkwe akawaambia, "Chekeni, lakini mpeni kazi." Nikapewa kuvuta magunia ya mwani majini, taratibu, hatua kwa hatua. Siku ya nne aliyenikabidhi gunia alikuwa mke wangu. Nilimwomba radhi palepale, maji kiunoni, mbele ya wote. Akasema, "Vuta kwanza, tutaongea nyumbani." Jioni ile alirudi nyumbani.

Nikampigia simu mwalimu wangu wa Dar. Nikamweleza kifundo, vidonge, Idi, na kisima cha uongo. Akasema, "Ungeniambia siku ile, ningekusubiri." Ndugu zangu, sentensi ile iliniuma kuliko kano.

Lakini nilirudi uwanjani. Daraja la chini, ndiyo, na kasi imepungua, ila nilicheza misimu mitatu mizima, na leo nawachezea ninyi. Namshukuru Mungu. Nawashukuru akina mama wa mwani walionicheka bila kunifukuza. Namshukuru mama mkwe, na mke wangu aliyekubali kurudi kwa mtu aliyemfukuza.

Vijana, ushujaa wa kuficha maumivu nimeujaribu. Ulinila mguu, ukanila kazi, ukataka kunila na nyumba. Anayekupenda hawezi kukusaidia kwa jambo ulilomficha.

Na nisiwe mtu wa maneno matupu. Jumapili tuna mechi, najua mnanitegemea. Tangu juzi nyama ya paja inanivuta. Mwalimu wetu hapa sijamwambia, namwambia sasa hivi mbele yenu: mwalimu, linauma, sichezi. Jezi yangu hii hapa. Mwenye mguu mzima aje aichukue.