Uji wa Karanga na Kilo za Watoto

Kijiwe chetu kilikuwa nyuma ya stendi ya Kahama: gogo la mninga, jiko la mkaa na birika la Maduhu muuza kahawa. Ulikuwa mwaka uliofuata ile njaa kubwa. Wanywaji wa kudumu tulikuwa mimi, Otmar tuliyemwita Redio kwa kuwa hazimwi, na Stanslaus, jina la kijiweni Gia, dereva wa Land Rova ya kliniki ya watoto. Asubuhi hiyo Gia alitueleza kwamba jana mkubwa mmoja alikuja kutoka mkoani kuufuta uji wa karanga.

Uji huo Sista Lukresia, muuguzi wa kliniki, aliugawa katika vijiji vitatu kati ya sita alivyozungukia kupima watoto. Mkubwa alikuwa amejumlisha kilo zote, akaona wanaokunywa uji ni wepesi kuliko wasiokunywa. Basi uji haufai.

Maduhu akasema ni kweli, karanga ni mafuta, na mafuta huelea. Redio akakataa. Kwake yeye mizani ndiyo inachoka, ikifika kijiji cha sita imelegea. Halafu akapanda zaidi: watoto wa upande wa Geita wanakunywa maji yenye dhahabu, na mizani ya serikali haina ruhusa ya kupima dhahabu.

— Wahenga walisema, haraka haraka haina baraka, akamalizia, na sisi hatukujua methali hiyo imeingiaje.

— Mimi nilikuwemo ofisini, Gia akasema. Nisikilizeni.

Sista hakubishana, Gia alisema. Alifungua daftari lake la miezi kumi na miwili, kila mtoto na mstari wake. Alieleza kwamba uji aliupeleka kule njaa ilikokuwa kali zaidi, kwa hiyo watoto wa huko walianzia chini.

— Akamwambia, "Mzee, kila kijiji kina pake pa kuanzia, na kila mtoto ndani ya kijiji ana pake. Mimi siulizi nani mzito. Nauliza huyu amepanda kiasi gani kutoka pale alipokuwa."

Mistari ilionyesha wanywa uji wakipanda upesi kuliko wenzao. Kijiji kimoja cha wanywa uji kilipanda ajabu, na mkubwa akakishika hicho, akataka kukiandika cha kwanza kwenye ripoti. Sista akamzuia.

— Alisema nini? nikauliza.

— Kwamba kile kina watoto wanne tu. "Wanne wanaweza kubahatisha. Wasikilize, lakini namba yao isogeze karibu na wastani wa wenzao." Akaipunguza kwa kalamu namba ya kile kijiji, iliyokuwa ikimsifu yeye mwenyewe, mbele ya mtu aliyekuja kumfutia kazi.

Mkubwa alilisoma daftari tena, mstari kwa mstari. Kisha akasema uji uendelee, na vile vijiji vitatu vingine navyo vipewe.

Maduhu alitujazia vikombe. Hata Redio alikiri kwamba mama yule ana kichwa.

Mwanamke mwenye mtoto mgongoni, aliyeshuka basi la Ushirombo, alikuwa amesimama akitusikiliza. Alitusalimu kwa Kisukuma, mwangaluka, tukamwitikia.

— Na kijiji ambacho sista hajakipima, akauliza, watoto wake wanaanzia wapi?

Gia akamuuliza kijiji chake kinaitwaje. Akakitaja, na kati yetu hakuna aliyewahi kukisikia.