Shukrani kwa Mama Zakia, Msaga Karanga wa Ngokolo

Mheshimiwa Mkuu wa Wilaya, Mheshimiwa Diwani wa Kata yetu ya Ngokolo, Sheikh na Mchungaji mlioketi bega kwa bega meza kuu, akina mama wa kikundi, ndugu wageni waalikwa, na wewe Mama Zakia ambaye kwa ajili yako tumekusanyika: nawasalimu kwa heshima. Wazee wangu mliotoka Kishapu na Songwa, mwangaluka.

Mimi ni Athanas Mwigulu, mkulima wa karanga Songwa. Zamani nilikuwa mchimbaji mdogo wa dhahabu kule Geita. Nimeombwa nizungumzie siagi ya karanga, ilikotoka na ilikofika, siku hii ambayo Bi Chausiku Akida, tunayemwita Mama Zakia, anapumzika na kumwachia binti yake Zakia kazi ya kusaga.

Wenye elimu wanatuambia kwamba karanga asili yake ni Amerika ya Kusini, na kwamba watu wa huko walikuwa wakizisaga karne nyingi kabla hazijavuka bahari kuja kwetu. Nakubali. Lakini ni nani kati yetu tuliolelewa Usukumani aliyesubiri kufundishwa kuzitwanga? Mama zetu walizitia kinuni, wakaungia nsansa, yale majani ya kunde yaliyokaushwa, na sisi tukagombea kulamba mwiko. Alichofanya Mama Zakia ni kuzikaanga taratibu, kuzisaga hadi zikawa laini, kuzitia chumvi kidogo, kuzifunga kwenye kopo, na kuzipeleka mahali ambapo hapakuwa na mama wa mtu: machimboni.

Tulimcheka. Naomba radhi kwa niaba ya wachimbaji wote. Alishuka kwenye basi na ndoo zake, kavaa baibui katikati ya lile vumbi, na mtu mmoja akamuuliza kama anauza mafuta ya kujipaka. Akamjibu, "Jipake kama unataka, baba, lakini kwanza onja." Akaonja. Kesho yake akaleta wenzake. Leo hii, Mheshimiwa, nenda duka lolote kuanzia hapa hadi Geita. Je, utalikuta bila kopo la siagi ya karanga? Watoto wanapaka kwenye mkate, wazee wanachovya michembe, vile viazi vitamu vilivyokaushwa, wagonjwa wanakorogewa kwenye uji.

Sasa niruhusuni niseme jambo ambalo wengi wenu hamlijui.

Asubuhi moja nilikuwa naelekea kwenye duara, yaani shimo letu la dhahabu, sijatia kitu tumboni. Mama Zakia akaniita. "Umekula?" Nikamwambia nitakula nikipanda. Akaniwekea kopo mkononi. "Shuka nalo. Huko chini hakuna mgahawa." Nikashuka nalo, nikiwa na wenzangu Marcel na Donatus.

Mchana matimba, zile nguzo za mbao zinazoshikilia kuta, yakaachia. Nilisikia mlio kama ng'ombe wengi wanakimbia, kisha kimya. Njia ya kutokea ilikuwa imeziba. Mguu wa Donatus ulikuwa umebanwa na jiwe, tukautoa kwa shida. Tochi zikafifia hadi zikazimika. Ndugu zangu, giza lile sina maneno ya kulieleza. Maji tulikinga yanayodondoka kwenye mwamba. Chakula kilikuwa kopo moja.

Marcel, mkubwa wetu, ndiye aliyelishika. Kila tulipoamka alitugawia, ncha ya kidole kila mtu. Baada ya muda Donatus akakataa. Akasema, "Kuleni nyinyi. Mimi mguu umeshakufa, na mwenye mguu anafuata." Marcel akamwinua kichwa, akamtia siagi mdomoni kama anavyolishwa mtoto. "Meza. Huyu mama hatanyamaza hadi apate kopo lake, na mimi siwezi kumwambia kwamba wewe ulibakiza." Donatus akameza. Nilimsikia akilia.

Na huku juu? Haya niliyasikia baadaye kwa waliokuwepo. Watu walichimba hadi mikono ikatoka malengelenge. Kisha wakaanza kusitasita, wakiogopa udongo usije ukawafunika na wao. Wengine walishasema turubai la msiba litafutwe. Mama Zakia alikuwa na tiketi ya kurudi Shinyanga. Hakupanda basi. Aliwapikia waokoaji, na waliposema inatosha akasimama mbele yao. "Athanas ameshuka na kopo langu limejaa. Wale watu wana chakula. Nyinyi mnataka kumzika mtu mwenye chakula mkononi?" Mmoja akaokota sururu, wengine wakamfuata.

Wakatufikia. Donatus mguu haukupona, ulikatwa, lakini yeye yupo, anashona viatu hapa mjini, na amekaa safu ya tatu na mkewe Klara. Marcel amerudi kwao Bukombe kufuga. Mimi sikushuka tena. Nililima karanga ili niwe karibu na aliyeniokoa. Naye hakunionea haya: gunia langu lililopata ukungu alilirudisha mbele ya watu, akisema hawezi kumlisha mtoto wa mtu sumu. Tulipokwenda kumshukuru baada ya kutoka hospitali, aliuliza swali moja tu: "Chumvi ilitosha?"

Mama Zakia, ilitosha. Nakushukuru kwa kopo lile, nakushukuru kwa basi uliloliacha liondoke, nakushukuru kwa kuwabishia wanaume waliochoka. Zakia, dada yangu, umeachiwa kazi inayoheshimika. Sisi wakulima tutakuletea karanga kavu, safi.

Nimalizie. Mama yangu mzazi, Agnetha, amekuja kutoka Mhunze na ameketi kule nyuma. Siku zile alishanyolewa nywele na watu walishalala nyumbani kwake kunililia. Hajawahi kukutana na Mama Zakia. Leo asubuhi ameniambia, "Mwanangu, wewe sema maneno yako. Mimi nataka nimshike mkono tu."

Mheshimiwa, naomba ruhusa yako. Ndugu zangu, mpisheni. Mayu, njoo mbele.

Nawashukuru nyote kwa utulivu mlionipa.