Shangazi wa Maabara na Kipimo Alichokirudia

Tarehe 30 Juni, baada ya miaka thelathini na mmoja, mkuu wa maabara yetu anavua koti jeupe na kwenda kupumzika. Cheo chake ni kirefu, lakini hapa hospitalini hata walinzi humwita Shangazi.

Alianza kwa kuosha vioo vya darubini, akasoma jioni, akapanda polepole. Kazi yake kubwa imekuwa saratani ya njia ya nyongo: kupima kwenye damu protini zinazoashiria uvimbe, ili madaktari wakadirie kama umeshasambaa. Papara haipendi. Anayemgongea dirisha akidai majibu ya haraka huambiwa kwamba mashine haina shemeji. Na ukimsalimia huku umeegemea jokofu la sampuli, salamu haiitikiwi mpaka uondoke hapo.

Mwaka jana aliletwa fundi cherehani, macho ya manjano, ngozi ikimwasha. Picha zilionyesha uvimbe mdogo, lakini mojawapo ya protini hizo ilikuwa juu kupita kiasi. Wodini watu wakaanza kunong'ona kwamba saratani imeshatapakaa, hakuna haja ya kumpasua. Mkewe alishaanza kuwaita ndugu.

Shangazi alipanda ngazi mwenyewe, akihema, akamkumbusha daktari wa upasuaji kuwa njia ya nyongo ikiziba, protini hiyo inaweza kupanda hata kama uvimbe haujatoka mahali pake. Aliomba njia hiyo izibuliwe kwanza, kisha wapime tena. Daktari, mtani wake wa siku nyingi, alikubali, ila akamwonya kwamba akikosea atadeki wodi nzima.

Macho ya fundi yalipoanza kuwa meupe, kipimo kilirudiwa. Shangazi hakumwachia mtu kazi hiyo. Protini ilikuwa imeshuka sana. Alisema wazi kwamba hilo peke yake halithibitishi kitu, lakini lilitosha kumpeleka fundi kwenye upasuaji. Ini lilikutwa safi, uvimbe ukatolewa, na tezi za jirani zilizochunguzwa hazikuwa na saratani.

Fundi bado huja kupimwa. Wiki hii alitaka Shangazi amwahidi kwamba ugonjwa hautarudi tena. Shangazi hakumwahidi. Alimshika mkono, akamwambia majibu ya leo ni mazuri, basi aende akashone nguo za watu, wamengoja vya kutosha. Fundi alitoka akicheka.

Shangazi, asante kwa kutufundisha kupima tena kabla ya kumkatia mgonjwa tamaa. Nenda salama, ulale mpaka uchoke kulala, na siku zako zote ziwe njema.