Mzee Chonjo, Fundi Vioo Aliyeogopa Mapema

Marehemu tunayemsindikiza leo alizaliwa asubuhi ya tarehe 3 Machi 1956, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya tanuri la matofali, akiwa mtoto wa pili kati ya watatu. Baba yake alikuwa mchoma matofali, mama yake alishona magunia. Mama alikuwa akisema kwamba kaka yake mkubwa alipozaliwa alitazama watu, lakini huyu wa pili alitazama mlango. Kaka huyo ndiye aliyekuja kuitwa Chuma. Marehemu mwenyewe wengi mlimjua kwa jina la Mzee Chonjo, na wala hakulichukia, maana maisha yake yote alikaa chonjo. Wa tatu ni mdogo wao wa kike, anayesoma wasifu huu. Amepewa kazi hii kwa kuwa wengine wameshindwa kuusoma bila kulia, na yeye pia hana hakika kama atafika mwisho.

Alianza shule ya msingi Januari 1964, akamaliza mwishoni mwa 1970. Akiwa darasa la tatu, wauguzi walikuja shuleni kuchanja watoto. Marehemu alipoona sindano alitoweka, akajificha katika stoo ya majembe. Jina lake lilipoitwa, Chuma, aliyekuwa ameshachanjwa mkono wa kulia, alirudi kwenye mstari, akaitikia "Nipo!" na kutoa mkono wa kushoto. Jioni ile alipata homa ya watu wawili. Marehemu alikaa kando ya mkeka akilia, na Chuma akamwambia, "Nyamaza, mwoga wewe. Ukinisumbua nakurudishia yako." Marehemu alipenda kusimulia kisa hiki. Alikianza kwa kicheko, ila hakuwahi kukimaliza akiwa anacheka.

Baada ya miaka miwili ya ufundi seremala, aliingia karakana ya vioo mwaka 1974, na mwaka 1983 akafungua ya kwake. Kioo alikilaza juu ya meza iliyotandikwa blanketi kuukuu, akapima, akapima tena, kisha akapitisha kisu mara moja tu, kwa sababu mstari ukirudiwa kioo hupasuka kinavyotaka chenyewe. Aliweka sheria kwamba anayebeba kioo lazima apaze sauti "Kioo!" tangu anapoinuka mpaka anapotua. Wanafunzi wake walimtania kwamba nyumbani hupaza sauti hata akibeba kikombe cha chai. Yeye aliwajibu, "Kwa mwoga huenda kicheko, kwa shujaa huenda kilio. Chekeni." Ni kweli walicheka, na hakuna hata mmoja aliyewahi kushonwa jeraha.

Tarehe 17 Novemba 1984 alifunga ndoa na mshonaji wa mapazia. Alikuwa amemwekea kioo katika dirisha la chumba cha kushonea, kisha akawa anarudi kila siku kukagua kama puti, ule udongo wa kushikizia kioo, imekauka. Mwishowe mshonaji alisimamisha cherehani, akamwambia, "Fundi, puti imekauka tangu juzi. Sema kilichokuleta." Mungu aliwajalia watoto wawili: wa kiume, ambaye ni dereva wa lori, na wa kike, ambaye ni mwalimu. Wa kiume, tangu utoto wake watu walisema amefanana na baba yake mkubwa, kwa kifua na kwa ubishi.

Haiwezekani kueleza maisha ya marehemu bila kueleza kifo cha Chuma. Chuma alikuwa mwashi wa mawe. Kwa mwaka mzima alikunywa maji kama anayezima moto, akaamka kila mara kwenda haja ndogo, suruali zikamlegea kiunoni, na kila aliyeuliza alijibiwa, "Ni kazi tu, mimi mzima." Tarehe 11 Julai 1995 alirudi kutoka kazini mchana, akakaa kwenye ngazi ya mlango, akaomba maji. Alimaliza jagi lote, akashika kifua, na hakuinuka tena. Alikuwa na miaka arobaini na minne. Daktari aliwaambia ndugu kwamba sukari ilikuwa juu siku nyingi na ilikuwa imeshaiharibu mishipa ya moyo. "Kama angepimwa mapema, tungeukamata ugonjwa njiani," alisema. "Sasa ninyi wa damu moja, nendeni mkapime."

Marehemu alirudi nyumbani akiwa hana rangi usoni. Wiki nzima hakushika kioo. Kila akiona kiu alijiuliza kama ndiyo ile. Alikunywa maji kwa kujificha, mkewe asihesabu vikombe. Alitaka kujua na aliogopa kujua, na safari hii hakukuwa na mtu wa kumtolea mkono. Alikwenda zahanati, akachukua kadi, akakaa kwenye foleni. Walipobaki watu wachache mbele yake, aliinuka, akatoa futi mfukoni na kuanza kupima dirisha lililovunjika.

Muuguzi mkuu alimwona. "Wewe ndiye fundi tuliyeahidiwa siku zote hizi?"

Marehemu, ambaye hakuwa ametumwa na mtu, akasema ndiye. Kesho yake akarudi na kioo, akakiweka vizuri kabisa, akafuta alama za vidole. Alikuwa anakusanya vifaa vyake muuguzi alipovuta kiti.

"Umemaliza, fundi?"

"Nimemaliza, dada."

"Hongera. Sasa nyoosha kidole."

"Mimi nilikuja kwa ajili ya dirisha."

"Jana ulikuwa kwenye foleni na kadi mkononi. Nilikuona. Ila nami nilikuwa nahitaji kioo."

Marehemu alitazama mlango, kisha akasema neno ambalo wanaume wengi hufa bila kulisema. "Dada, naogopa."

"Nani haogopi? Kaa."

Sukari yake ilikuwa juu. Asubuhi iliyofuata alirudi bila kula, wakapima tena, na jibu halikubadilika. Muuguzi hakumficha kitu. Alimwambia kwamba sukari ikiachwa juu hula mishipa ya moyo taratibu, kama kutu ndani ya bomba, na mwenye bomba hajui mpaka maji yakatike. Alimwambia apime na presha, apime na mafuta katika damu, atembee, ameze dawa, na moyo wenyewe uangaliwe kila mwaka. Marehemu alitii yote kwa sababu moja, nayo ilikuwa hofu. Hakuwahi kukosa kliniki hata mvua ikinyesha. Chai bila sukari aliinywa amekunja uso kwa miaka ishirini na tisa, na hakuizoea.

Aliogopa zaidi kufa kama Chuma, ameshika kifua mlangoni. Kwa hiyo aliwafundisha wa nyumbani kwake zoezi. Jumamosi moja moja alijitupa mkekani, akashika kifua na kupiga kelele, "Kimenipata!" Hapo mkewe alipaswa kuchukua kadi na dawa, binti akimbie kufungua geti, na kijana aite teksi. Binti alilia kweli kila mara. Kijana alikuwa akicheka na kusema, "Baba, leo umekufa vizuri kuliko juma lililopita." Marehemu alimkata jicho akiwa bado amelala, akaagiza warudie.

Mshtuko wenyewe ulipokuja, tarehe 22 Juni 2011, haukufuata zoezi. Kifua hakikuuma hata kidogo. Alikuwa karakanani na mwanafunzi, wamebeba kioo cha mlango, akasema, "Leo nimechoka," na jasho likamtoka ilhali hali ya hewa ilikuwa ya baridi. Kichefuchefu kikampanda. Mkewe, aliyekuwa amemletea chakula, alimwona akitua kioo katikati ya njia bila kupaza sauti, na akaogopa kuliko siku zote za zoezi.

"Twende hospitali."

"Kwa uchovu? Kifua hakiumi, mama."

"Twende. Utanigombeza njiani."

Daktari alisema ulikuwa mshtuko wa moyo. Alieleza kwamba sukari ya miaka mingi hufisha hisia za neva, hivyo mwenye kisukari anaweza kupata mshtuko wa moyo asisikie maumivu. Angelala kwanza apumzike, asingeamka. Tangu siku hiyo mkewe alilala mkono ukiwa juu ya kifua cha mumewe. Akihisi kimetulia mno alimtikisa, na marehemu alilalamika kwamba anaamshwa kuulizwa kama yuko hai.

Mwaka jana moyo ulianza kuchoka. Miguu ilivimba, pumzi ikawa fupi, akalala ameegemezwa mito. Alilazwa Januari mwaka huu. Tungependa kuandika kwamba aliondoka kwa ujasiri, lakini angetucheka. Alfajiri ya tarehe 9 Februari 2025 alimshika mkewe mkono, akamwambia, "Mama watoto, naogopa." Mkewe akamjibu, "Na mimi naogopa." Waliendelea kushikana mikono hivyo mpaka mkono mmoja ukalegea. Alikuwa amekaribia kutimiza miaka sitini na tisa, na alikuwa amemzidi kaka yake kwa karibu robo karne.

Siku chache kabla ya hapo alimwita mdogo wake akampa agizo kuhusu karatasi hii. "Usiandike kwamba nimemwacha mtu ambaye hajapima. Nitasemaje nimemwacha, na huenda yuko nyuma yangu anakuja?"

"Kaka, watu watakasirika."

"Wakasirike. Anayekasirika yuko hai."

Kwa agizo hilo, marehemu amemwacha mjane wake, ambaye amepima na yuko salama. Amemwacha binti yake, ambaye hupima kila mwaka na bado hulia. Amemwacha shemeji yake, mjane wa Chuma, pamoja na wanawe wawili, wote wamepima. Amemwacha mdogo wake wa kike, ambaye sukari yake ilionekana mwaka 1998, anameza vidonge, na huingia chumba cha kupimia moyo akitazama mlango wa kutokea. Amewaacha pia wajukuu watatu, ambao aliwasamehe kupima kwa udogo wao.

Mwanawe wa kwanza hakuwemo katika nakala iliyokuwa inakwenda kuchapwa. Alipoiona juzi alipandisha sauti. "Shangazi, mimi ndiye nitakayetangulia kubeba jeneza, halafu sitajwi?"

"Agizo si langu, baba."

"Mimi mzima! Nabadilisha tairi la lori peke yangu."

"Baba yako mkubwa alikuwa anabeba mawe."

Jana asubuhi aligonga mlango wa shangazi yake na kumwomba amsindikize zahanati. Njiani alisimama mara mbili akisema amesahau kitu, na hakusema ni kitu gani. Alipoketi, kiganja chake kilikuwa kimelowa jasho hata muuguzi akalazimika kukifuta kwanza. Namba ilipotokea kwenye kipimo, muuguzi aliitazama, akamtazama, akasogeza kiti karibu. Kesho atarudi bila kula ili apimwe tena, na baada ya hapo utaangaliwa moyo. Usiku wa jana hakulala, na mkewe pia hakulala.

Ameturuhusu tuyaseme haya mbele yenu, na ukurasa huu umechapwa upya. Marehemu amemwacha mwanawe wa kwanza. Amepima. Sukari yake iko juu, na anaogopa sana. Mtakapompa mkono leo, tunawaomba msimwambie ajikaze. Mwacheni aogope.

Baba yake apumzike kwa amani.