Chai ya Jioni ya Susu

Bwana asifiwe, ndugu zangu, asifiwe hata na mtu aliyevunjika mguu akiiga nyanya yake! Mnacheka, na mimi nilikuwa nacheka. Nilichukua mkongojo wa Susu, mama mzaa baba, nikajifunga leso yake, nikapanda ngazi za nyumba yetu mpya hapa Kola nikilia "woi, woi" ili binamu zangu wafurahi. Ngazi ya juu kabisa ikaniangusha. Binamu wakapiga makofi, wakidhani bado ni mchezo.

Nyumba yenyewe Baba alikuwa anaijenga ya uzeeni, kabla hajastaafu kiwandani Athi River. Msingi aliuinua sana, nyumba ionekane kutoka barabarani. Mama alisema jambo kuhusu magoti, tukamcheka. Susu naye akakataa kuhamia. Kila siku akifika kwa ngazi ni "Kesho," halafu anarudi kwa kijumba chake cha udongo kinachovuja. Tukamwita mkaidi.

Basi mimi na plasta yangu, ngazi zikanishinda, nikalazwa kwa Susu. Ndugu zangu, nachoka hata kusimulia! Choo kilikuwa chini kabisa, ng'ambo ya matuta, na ni cha kuchuchumaa. Utachuchumaaje na mguu mgumu kama mchi? Ndipo nikaona Susu hagusi chai tangu mchana.

"Susu, mbona hunywi?"

"Chai iko na miguu, mjukuu wangu. Ukiinywa, itataka kwenda mahali."

Nilitaka kucheka, nikashindwa. Mtu anakaa na kiu kwa boma lake mwenyewe, akiogopa njia ya choo! Nikaomba, "Mungu, hii shida ya Susu iondoe. Yangu itapona tu."

Jumamosi Baba akaja, nikamwambia anibebe chooni. Kunishusha, sawa. Kunipandisha, alikaa kwa tuta akihema, ameshika goti. Akaziangalia zile ngazi zake kwa muda mrefu. Jumatatu fundi alikuwa anazivunja, hata rangi hazijapakwa.

Sasa kuna mteremko wa simiti unaoingia kutoka upande wa juu wa shamba, chuma cha kushikilia, na choo cha kukalia karibu na mlango. Susu aliingia kwa miguu yake mwenyewe, akaketi, akaitisha chai. Jioni! Akaitisha tena! Haleluya!

Ndugu zangu, wewe unayejenga ukiwa na nguvu, mwamini Mungu anayesikia hata kiu isiyosemwa. Lakini akikuonyesha ngazi, usingoje magoti yaishe. Zitoe leo.

Na Mama? Siku ile, akimimina kikombe cha pili, aliniangalia, akamwangalia Baba, akasema:

"Mimi nilisema magoti, mkacheka. Sasa kwa hii nyumba, nikitaka kusikilizwa tena, nivunje mguu wa nani?"