Glavu za Mama Mikono

Ndugu waombolezaji, anayesimama mbele yenu ni mjukuu wake wa kwanza, shule niliiacha darasa la sita lakini sauti yangu haihitaji spika, ndiyo maana wajomba wenye vyeti wameketi na mimi ninasoma.

Bibi yetu, ambaye wote mlimwita Mama Mikono, alizaliwa tarehe 14 Mei 1948, nyumba ya tatu kutoka kisimani, akasoma hadi darasa la nane, akahitimu ukunga mwaka 1968, na Januari iliyofuata akaanza kazi katika zahanati yetu, ya vyumba viwili, isiyo na daktari, yenye glavu chache ambazo alizifua, akazipuliza moja moja kutafuta matundu, akazianika kambani kabla ya kuzitia kwenye sufuria la mvuke, nasi watoto tukipita tunaziamkia shikamoo, upepo ukija zinatupungia. Zilizotoboka tulizijaza matambara tukacheza mpira, na mimi, bila kujisifu, nilifunga sana.

Mwaka 1971 aliolewa na fundi baiskeli, ambaye alianza kumchumbia kwa kumzibia glavu pancha, Bibi akamwambia, "Wewe, mtoto azaliwe akikwaruzwa na viraka vya tairi?", viraka akavikataa, fundi akamkubali, wakajaliwa watoto watatu, kitinda mimba akiwa mama yangu.

Alistaafu Juni 2008, mkunga wa kushika nafasi yake tukaambiwa yuko njiani, njia hiyo ikamchukua miaka kumi na tatu, na Bibi akaendelea kuitwa, akaendelea kwenda, magoti yakilia kabla ya mtoto.

Februari 2021 figo zilianza kumsumbua, hospitali yenye mashine ya kusafisha damu ni mwendo wa siku nzima, alirudi hoi kila mara, na kitandani alirudia neno moja, "Nikifumba macho, hawa mabinti nawaachia nani?"

Mei mkunga mpya alifika, binti mwembamba, akaja kumsalimia na kuuliza boksi la glavu linawekwa wapi, Bibi akacheka mpaka akakohoa, "Boksi! Mwanangu, njoo kwanza nikufundishe kupuliza."

Alifariki tarehe 9 Septemba 2021, saa kumi jioni, nyumbani kwake.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, wafanyakazi wenzake, majirani mliombeba na kitanda chake hadi barabarani, nawe mganga mkuu uliyeketi mbele, shikamoo, lile boksi bado tunalisubiri.

Mkunga mpya hayupo hapa, msimseme, alfajiri kuna mama amejifungua, na tulipopita zahanati na jeneza nimeona glavu zimeanikwa kambani, zinapunga, nami mwenye sauti kuliko wote nikapunga.

Bibi, mabinti wana mtu, sasa pumzika kwa amani.