Madamu Asile Kitu

Kijiweni kwetu hapa Rumonge, nyuma ya soko la samaki, siku ile kahawa haikunyweka. Muzee Hamidou, muuza kahawa, alisahau hata tangawizi. Paka wake aitwaye Madamu, aliyeachwa na marehemu mke wake, iko na uvimbe chini ya titi, na munganga wa wanyama alikuwa anakuja saa nne kumupasua nyumbani kwa Hamidou, hatua chache tu kutoka kijiweni, juu ya meza ya kulia. Amri ilikuwa moja: toka jana jioni, Madamu asile kitu. Mimi nilikuja kunywa kahawa, si kusikiliza ujinga, lakini ujinga ndio uliokuwa wa moto.

— Meza nimeisugua mara tatu, Hamidou akasema. Nimetandika shuka ya marehemu. Jamani, huyu akifa, ile nyumba itanishinda.

— Hafi, akasema Bernardo, tunayemwita Redio kwa vile hazimiki. Mimi nimekaa Tanzania miaka ishirini, haya nayajua. Wanataka njaa ili paka awe mwepesi. Mnyama mzito, dawa ya usingizi haimbebi!

— Uongo! akaruka Mbaraka, fundi wa moteri za mitumbwi. Moteri ukitaka kuifungua, kwanza unamwaga mafuta, la sivyo yanakurukia usoni. Paka ni vilevile.

— Basi maziwa hayahesabiki, akasema Mama Domitille, muuza ndagala, vile visamaki vidogo vya ziwani. Maziwa si mafuta.

Tukamgeukia wote.

— Maziwa gani, Mama Domitille?

— Kidogo tu. Alikuwa ananililia miguuni.

— Yampayinka we! Hamidou akashika kichwa. Umemupa maziwa?

— Na ndagala mbili. Lakini kavu! Kitu kikavu hakijazi tumbo.

— Kumbe na kile kichwa cha samaki mukeke nilichomupa si kitu, Mbaraka akasema polepole. Kilikuwa mifupa mitupu.

Redio akafunika sahani yake kwa kiganja. Andazi lake lilikuwa limebaki nusu, na mdomo wake ulikuwa haujatafuna chochote asubuhi nzima.

Pikipiki ikasimama. Munganga mwenyewe, Eliana, akashuka na sanduku lake.

— Amahoro. Mugonjwa iko wapi?

Madamu alikuwa chini ya benchi letu, anajilamba masharubu.

— Amekula?

Tukamwangalia Hamidou, atusemee. Macho yake yakajaa machozi.

— Munganga, ni miye. Alfajiri alilia sana, nikamupa wali. Moyo ulinishinda.

— Muzee! Akitapika akiwa amelala, atapaliwa, atanifia mikononi. Leo simupasui. Kesho saa nne.

Akafunga sanduku, akatutazama mmoja mmoja.

— Na usiku wa leo atalala kwa nani?

Kila mtu akainamia kikombe chake. Mimi nikaficha mkono, maana vidole bado vilinuka samaki.

Hamidou akamuinua Madamu, akamubusu kichwani, akamuweka mikononi mwa Eliana.

— Enda naye kwako, mwanangu. Hapa hana adui hata mmoja.